UDONGO WA MLIMANI UNAPUMUA

(Haya ni mazungumzo ya bwana misitu mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, katika kijiji kimoja cha mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Tumeyaandika kama alivyosema. Tumepunguza machache tu.)

 

Mwalimu wenu wa kisomo ameniomba niseme juu ya udongo. Nimeona wako waliocheka kidogo. Mtu aliyezaliwa kihambani aambiwe nini tena juu ya udongo? Ni kweli. Udongo wa migombani mnaujua kuliko mimi, wala sikuja kuwafundisha kutia samadi. Leo nataka tuzungumze juu ya udongo wa mbali kidogo, ule wa juu mlimani, pale msitu unapokwisha. Udongo ule una akiba kubwa ndani yake. Akiba hiyo inaweza kutoka. Haitoki kwa jembe wala kwa lori. Inatoka kimya kimya kwa njia ya hewa, na mara nyingine inatoka kwa moto.

Basi twende polepole.

PALE MITI INAPOKOMA

Ukiacha vihamba vyetu na kupanda juu, kwanza unapita ule msitu wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wenyeji. Kisha unaingia msitu mkubwa wenye giza na matope. Wapagazi mlio hapa mwajua vizuri. Mkifika Mandara, meta 2,720 juu ya usawa wa bahari, miti inaanza kubadilika. Mkiendelea, mnaikuta miti ya erika. Majani yake ni membamba kama sindano, na matawini yananing'inia yale manyoya ya kijani kama ndevu za mzee. Mkizidi kupanda erika inakuwa fupi, tena fupi zaidi. Mwisho inakuwa kichaka cha kufika magotini. Juu zaidi, kama meta 4,000 hivi, hakuna mti wa kusimama. Kuna majani, vichaka na mawe.

Mahali hapo wataalamu wanapaita mpaka wa miti. Kila mlima mrefu duniani unao mpaka wake.

Kwa nini miti inakoma? Baridi. Chukueni kalamu tupige hesabu, maana kuhesabu mmejifunza. Mjini Moshi, wastani wa joto kwa mwaka mzima ni digrii 23 na kidogo. Kila ukipanda meta 100, joto linapungua kwa digrii 0.6 hivi. Kutoka Moshi, iliyo kwenye meta 800, mpaka meta 3,800, umepanda meta 3,000. Hizo ni meta 100 mara 30. Zidisha 0.6 kwa 30, unapata 18. Ishirini na tatu toa kumi na nane: zinabaki digrii 5. Hiyo ndiyo hali ya pale, usiku na mchana vikichanganywa. Katika baridi ya namna hiyo mti unaishi kwa shida. Unalo jua na unayo maji, lakini kazi ya kujenga shina inakwenda pole mno.

Na si mti peke yake unaofanya kazi pole. Hapo ndipo penye habari yetu.

UDONGO MWEUSI

Chimba kidogo chini ya erika. Utakuta udongo mweusi, laini, mwepesi mkononi. Weusi ule umetoka wapi? Umetoka katika majani, mizizi na vijiti vilivyokufa, ambavyo havijamaliza kuoza.

Hapa kijijini ukikata jani la mgomba ukaliacha shinani, baada ya miezi michache hulioni tena. Limeliwa na vijidudu wa udongoni. Wengine tunawaona, kama mchwa na nyungunyungu. Walio wengi hatuwaoni kwa macho, ni wadogo mno. Ukungu nao unasaidia kazi hiyo. Kule juu, vijidudu hao wapo, lakini baridi imewafunga mikono. Jani likianguka leo, litakuwapo mwaka ujao na mwaka wa mbele yake. Juu yake litaanguka jingine. Tena udongo wetu umetokana na majivu ya volkeno, na udongo wa namna hiyo una tabia ya kuyashika mabaki ya majani usiyaachie upesi. Hivyo miaka mingi inapita, na akiba inakua.

Kuna watafiti waliopima jambo hili kwenye mlima wetu huu, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2018. Mnajua walitumia nini? Majani ya chai! Ile chai ya kwenye vifuko vidogo. Walivifukia vifuko ardhini, kuanzia nyika ya chini mpaka kwenye vichaka vya juu. Baada ya muda walivifukua na kuvipima, waone majani kiasi gani yameliwa. Iliyooza vizuri zaidi ni chai ya katikati ya mlima, kama meta 2,000, kwenye unyevu na joto la kadiri. Ya nyikani ilikawia kwa sababu ya ukavu. Ya juu ilikawia kwa sababu ya baridi. Mimi naupenda utafiti wa namna hii. Hata mtu asiye na digrii anauelewa.

CHUPA TATU

Sasa tazameni mezani. Hizi ni chupa tatu za mdomo mpana, na kila moja ina kifuniko. Tulizitengeneza jana pamoja na mwalimu wenu.

Tulichukua chokaa ya kujengea, tukaikoroga katika maji, tukaacha ikatulia. Maji ya juu yakawa safi kabisa. Tukayamimina katika visoda. Kila chupa ikapata kisoda kimoja ndani yake. Chupa ya kwanza tulitia udongo mbichi wa migombani, tukaiweka karibu na meko. Ya pili tulitia udongo uleule, kipimo kilekile, lakini tukaisimamisha ndani ya beseni la maji baridi ya mfereji. Ya tatu haina udongo. Zote tukazifunga vizuri, zikalala.

Leo asubuhi mnaona wenyewe. Katika chupa ya tatu, maji ya chokaa ni karibu kama tulivyoyaacha. Katika ya pili pana utando mweupe mwembamba. Na hii ya karibu na meko? Utando wake ni mzito, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Zipitisheni mzione, ila msizifungue. Maji ya chokaa yakiingia jichoni yanachoma.

Utando ule unaletwa na hewa inayoitwa hewa ya ukaa. Ndiyo hewa tunayoitoa sisi tukipumua nje. Sasa nani amepumua ndani ya chupa? Hatukumfungia mtu. Ni vijidudu wa udongoni na vijizizi. Wanakula mabaki ya majani, wanapata nguvu, na wanatoa hewa ya ukaa. Udongo unapumua, ndugu zangu. Na mmeona kwamba ukipata joto unapumua kwa haraka zaidi.

Jina ukaa msiliogope. Ukifukia kuni katika tanuri la mkaa, unapata kitu cheusi. Sehemu kubwa ya kitu kile ndiyo ukaa. Ukaa umo katika kila mti, kila jani, kila mfupa, na umo katika udongo mweusi. Jani linauvuta kutoka hewani kwa nguvu ya jua, na kujengea mwili wa mti. Jani likioza, au kuni zikiungua, ukaa unarudi hewani. Ni pato na matumizi. Msitu ukivuta sawasawa na udongo unavyotoa, hesabu inalingana, na hakuna ubaya wowote. Udongo umepumua tangu dunia iwe dunia. Kama usingepumua, majani yasingeoza na sisi tusingevuna kitu.

Shida inaanza matumizi yakizidi pato. Na akiba yenyewe si ndogo. Ukichukua ukaa wote ulio hewani, ukaongeza na ukaa wa miti na mimea yote ya dunia, haufikii ule uliomo ardhini.

WALIOPASHA MLIMA MOTO

Hewa ya ukaa ni kama blanketi juu ya dunia. Inazuia joto lisitoke. Blanketi likiwa jembamba tunapona baridi, likizidi unene tunatoka jasho. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii moja. Barafu yetu ya Kibo mnaiona wenyewe, na wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Sasa watu wakauliza: Je, joto likifika kwenye mpaka wa miti, ule udongo uliofungwa na baridi utafanya nini? Wataalamu wa Uswisi hawakutaka kubahatisha. Uswisi ni nchi ya milima mirefu, na kwa kuwa iko mbali na ikweta, mpaka wa miti kwao uko chini kuliko kwetu. Mahali panapoitwa Stillberg, karibu na mji wa Davos, kama meta 2,180 juu ya usawa wa bahari, walitandaza nyaya za umeme juu ya ardhi chini ya miti. Kuanzia mwaka 2007 wakaupasha udongo joto kwa digrii 4 zaidi ya kawaida yake. Kando yake wakaacha vipande vingine bila kuvipasha, wapate kulinganisha. Ni kama chupa zetu hizi.

Udongo uliopashwa haukukawia. Mwaka uleule wa kwanza ulitoa hewa ya ukaa zaidi ya udongo wa jirani kwa kupita theluthi moja. Tena walipochunguza, waliona kwamba hewa iliyozidi haikutoka hasa kwenye mizizi wala majani ya juzi. Ilitoka katika ukaa wa zamani uliokuwa umelala udongoni. Akiba ya miaka ndiyo iliyofunguliwa.

Mtasema, lakini miti nayo imepata joto, si itakua na kuuvuta ukaa tena? Swali zuri. Pale Stillberg ilikuwapo miti ya aina mbili. Aina moja, msonobari wa milimani, ilikua zaidi. Aina ya pili haikuonyesha faida. Basi pato liliongezeka kidogo kwa aina moja, na matumizi yakaongezeka papo hapo.

KWETU MAMBO YAMEKWENDA KINYUME

Watu wengi walifikiri kwamba dunia ikipata joto, miti itapanda mlima. Baridi si ndiyo iliyokuwa inaizuia? Kilimanjaro mambo hayakwenda hivyo. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, ameuchunguza mlima huu kwa miaka mingi. Alilinganisha picha zilizopigwa na setilaiti mwaka 1976 na nyingine za mwaka 2000. Mwaka 2005 akaandika kwamba mpaka wa juu wa msitu wetu umeteremka kwa meta mia kadhaa. Umeteremka, haukupanda! Sababu aliyoitaja ni moto. Hali ya mlimani imekuwa kavu zaidi kuliko zamani, na erika ikishakauka, cheche moja inatosha.

Oktoba 2020 mliuona moto huo kutoka hapa. Ulianza tarehe 11 katika eneo la Whona, pale wageni na wapagazi wanapopumzikia kati ya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi na wanakijiji. Hata hivyo uliendelea kwa zaidi ya wiki nzima, na taarifa ya serikali ilitaja eneo la kilometa za mraba kama 95. Oktoba 2022 moto ukawaka tena, upande wa Karanga.

Sasa fikirini habari ya udongo. Moto ukipita, ukaa wa erika unakwenda hewani kwa siku moja. Majani makavu ya chini nayo yanaungua. Halafu inabaki ardhi nyeusi, wazi, na jua linaipiga moja kwa moja. Kitu cheusi kinashika joto, kila mama aliyeanika sufuria nyeusi juani anajua. Kivuli hakuna. Majani mapya ya kuanguka hakuna. Mvua ikija inachukua udongo na kuuteremsha bondeni. Pato limekatwa, na matumizi yanaendelea. Moto ukirudi kabla erika haijakomaa, miti hairudi tena, vinakuja vichaka vifupi tu.

Na kuna hasara nyingine ambayo haingoji watoto wetu wakue. Zile ndevu za erika zinakamata ukungu. Ukungu unageuka matone, matone yanadondoka, udongo laini unayanywa, na baadaye maji yanatokea kwenye chemchemi. Mfongo unaopita nyuma ya nyumba yako ulianzia huko. Mkiniuliza mimi, watu wanaipigia kelele barafu kuliko inavyostahili. Barafu inapendeza kwenye picha, lakini maji yetu yanatoka msituni.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja aliuliza: Hizi kuni zangu tatu jikoni, ndizo zinazoharibu hewa ya dunia?

Hapana, mama. Hewa ile imejazwa zaidi na nchi tajiri, kwa makaa ya mawe, mafuta, magari na viwanda, kwa zaidi ya miaka mia. Mtu asikutwishe mzigo usio wako. Wenye deni kubwa wanajulikana, na ni haki yetu kulisema hilo. Lakini mlima ukiungua, hatuwezi kungoja wao waje kuuzima. Ni mlima wetu.

Mzee mmoja alisema: Baba zetu walirina asali kwa moto miaka yote, na msitu haukwisha. Mbona leo tunalaumiwa?

Mzee wangu, maneno yako ni ya kweli. Moto wa mlimani haukuanza jana. Lakini baba zenu walikuwa wachache, na msitu ulikuwa na maji zaidi. Kienge kilekile kilichozimika chenyewe zamani kwenye majani mabichi, leo kinaanguka kwenye majani makavu. Mambo mawili yamebadilika, idadi ya watu na ukavu. Siyo tabia ya mrina asali iliyobadilika. Kwa hiyo napenda mizinga ishushwe karibu na vihamba, na moshi utolewe kwa kopo lenye kifuniko badala ya kienge. Asali ni ileile. Na kule juu, ndani ya hifadhi, moto haukubaliki kabisa, sheria inasema hivyo.

Kijana mpagazi aliuliza: Tukikuta moto mdogo njiani, tukaupiga kwa matawi ukazimika, si basi?

Sivyo, kijana wangu, nami nakushukuru kwa kuuliza. Udongo ule mweusi wenyewe ni kuni. Moto unaweza kuingia chini, ukala mizizi polepole bila ndimi za moto na kwa moshi kidogo tu. Juu pamezimika, ninyi mnaondoka, na kesho yake upepo unauamsha meta chache mbele. Basi mkishaupiga, msiondoke. Kwanza mpelekeeni habari askari wa hifadhi, mmoja wenu akimbie. Wanaobaki wachimbe pale palipoungua, wageuze udongo, wamwage maji kama yapo, wakoroge udongo na maji pamoja kama anayekoroga uji. Kisha sogeza nyuma ya kiganja chako karibu na udongo, taratibu, bila kuugusa. Ukisikia joto, chimba tena.